Uliza Fundi: Springi ya uzi iliyokatika kwenye cherehani

SWALI: Bwana Fundi, assalamu alaikum. Mimi ni mshonaji wa kanzu na nguo za watoto wa madrasa hapa Langoni, Lamu. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, niliyoachiwa na mavyaa wangu, naye alikuwa nayo kabla sijaolewa. Visahani vinavyobana uzi viko kushoto kabisa, kwenye bamba la uso wa mashine. Wiki mbili zilizopita uzi ulianza kufanya mafundo chini ya kitambaa kila nianzapo kushona, na mara nyingine hukatika. Nilimwita fundi mmoja, akaikaza skrubu ya kikopo cha bobini, akabadilisha sindano, akachukua ujira wake akaenda zake, na hali ikazidi kuwa mbaya. Jana nilipokuwa nikipangusa vumbi niligundua kwamba ule waya mwembamba uliopinda kama ndoana, ulio ubavuni mwa visahani, umekatika ncha. Je, hicho ndicho chanzo? Naweza kuubadilisha mwenyewe, au ninunue kifaa kizima? Nina kanzu kumi na nne za Maulidi mkononi, na Mfunguo Sita haumngoji mtu.
Mshonaji wa Langoni, Lamu

JIBU: Wa alaikumu s-salaam, bibi. Ndiyo, chanzo ni hicho, na ndiyo, unaweza kuubadilisha mwenyewe, kwa sharti kwamba usiifanye kazi hii usiku wala usiifanye kwa haraka. Waya huo ni springi, ambayo wazee wetu wa pwani waliiita kamani, kwa jina lile lile walilolitumia kwa springi za saa. Ni kitu kidogo kiasi cha kupotea katikati ya ukili wa mkeka, lakini bila hicho mashine nzima haiwezi kushona inavyotakiwa.

Tazama mashine yako ikizunguka polepole, utaielewa kazi yake. Ile chuma yenye tundu inayopanda na kushuka mbele ya mashine ndiyo inayovuta uzi: inapopanda huukaza mshono, na inapoanza kushuka huuachia uzi, kwa sababu muda si mrefu sindano itauhitaji chini ya kitambaa. Tatizo ni kwamba uzi huachiwa mapema kidogo, kabla sindano haijaingia kwenye nguo, na kwa kitambo hicho kifupi unakuwa umelegea bila mwenyewe. Springi ndiyo inayoudaka ulegevu huo na kuushikilia umenyooka, mpaka tundu la sindano lifikapo kwenye kitambaa, hapo ndipo huuachia. Springi ikikatika, uzi uliolegea hulala mbele ya ncha ya sindano, na sindano ama huuchoma na kuupasua nyuzinyuzi, ama hushuka nao ukiwa mwingi kupita kiasi, nao ukabaki chini ukijisokota. Ndiyo maana unapata mafundo, na ndiyo maana uzi unakatika.

Kuhusu fundi wako, sitaki kumsema vibaya mtu ambaye sikumwona akifanya kazi, lakini kosa lake nimelikuta kwa wengi. Mafundo yakionekana chini, mkono wa mtu huenda kwenye bobini, kwa kuwa bobini iko chini. Hali halisi huwa kinyume chake: uzi wa juu ndio unaoshuka, ukaizunguka bobini, kisha ukavutwa juu tena, na usipodhibitiwa sawasawa njiani hubaki chini, ukaonekana kana kwamba ni kosa la bobini. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, ile skrubu aliyoikaza irudishe ilipokuwa. Kipimo chake ni chepesi: tia bobini ndani ya kikopo chake, shika ncha ya uzi, ukiache kikopo kining'inie. Kinapaswa kubaki kimening'inia bila kuteremka, na ukiupiga mkono wako mtikiso mdogo kiteremke kidogo kisha kisimame. Kisiposhuka hata ukikitikisa, skrubu imekazwa mno. Kikiteremka chenyewe mpaka chini, imelegea. Zungusha skrubu hiyo kidogo sana kila mara, chini ya robo ya mzunguko, ukipima upya.

Huenda unajiuliza kwa nini springi iliyodumu tangu enzi za mavyaa wako ikatike leo. Jibu liko katika hesabu. Tuchukue mishono 500 kwa dakika, ambao si mwendo wa ajabu kwa mtu aliyezoea kukanyaga. Kwa saa moja ya kushona mfululizo ni mishono 30,000, na kwa saa 3 za namna hiyo kwa siku ni 90,000. Ukishona siku 25 katika mwezi, springi imepinda na kurudi zaidi ya mara milioni 2. Chuma kinachopindwa mara nyingi namna hiyo huchoka, hata kama kila mara kinapindwa kidogo tu, na uchovu huo huanzia mahali penye kasoro: kona kali, mkwaruzo wa koleo, au kitundu kidogo cha kutu. Hapo penye kutu ndipo Lamu inapokudhulumu, kwa sababu hewa yetu ina chumvi mwaka mzima, na wakati wa kusi, upepo unapovuma kutoka baharini na nguo kwenye kamba hazikauki vizuri, unyevu huingia hata kwenye kabati lililofungwa. Kwa kuwa springi hii haipakwi mafuta, kwani mafuta yangelichafua uzi na kanzu nyeupe za watu, haina kinga yoyote isipokuwa kupanguswa.

Sasa tuje kwenye kununua. Kwa maelezo yako, kwamba visahani viko kwenye bamba la kushoto, cherehani yako inaelekea kuwa ya ukoo ambao mafundi huuita 15, kwa namba iliyotolewa na Singer. Iwapo juu yake pameandikwa 15K, basi imeundwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda cha Kilbowie kilichofungwa mwaka 1980, na herufi K ndiyo alama ya kiwanda hicho. Baada ya Vita Vikuu vya Pili viwanda vya Japani viliinakili mashine hiyo kwa wingi, China nayo ikafuata, na Butterfly nyeusi za kukanyaga zinazotoka Shanghai ni za ukoo huo huo. Kwa mshonaji wa Lamu hiyo ni neema, maana springi iliyoundwa kwa mojawapo mara nyingi huingia kwenye nyingine. Nasema mara nyingi, wala sisemi daima, kwa kuwa unene wa kijiti ambacho springi huzungushiwa hutofautiana kidogo. Basi usimtume mtu kwa maneno matupu, wala kwa picha ya simu peke yake. Usipoipata springi mjini, mpe msafiri anayevuka Mokowe kwenda Malindi au Mombasa kifaa kizima cha kubana uzi ulichokifungua, akiweke juu ya meza ya muuza vipuri na ajaribu springi hapo hapo. Anunue mbili, moja ya kutia na moja ya akiba.

Kuhusu kununua kifaa kizima, mimi sipendelei, ila kama ringi za kijiti zimelika na nati haishiki tena. Visahani vya zamani vimesuguliwa na uzi kwa miaka mingi mpaka vimekuwa laini kama kioo, ilhali baadhi ya vipya vinavyouzwa siku hizi vina kingo zenye makwaruzo madogo ambayo hutayaona kwa macho lakini uzi utayasikia. Ukilazimika kununua kizima, pitisha uzi wa hariri katikati ya visahani ukiuvuta taratibu, na ukikwama mahali popote, rudisha.

Kazi yenyewe ifanyie juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe, ndani ya nyumba, mbali na upepo wa barazani. Teremsha kwanza mguu unaokandamiza kitambaa, ili kile kipini kinachovitenganisha visahani kisiwe kinasukuma. Kisha fungua nati ya mbele ile ya kuzungushwa kwa vidole, na kila kitu unachokitoa kipange juu ya sinia kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, kwa mpangilio ule ule kilivyotoka. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha kila hatua. Utaitoa nati, halafu springi nene iliyo mfano wa pia, halafu washa yenye kijiti kilichokatiza katikati, halafu visahani viwili. Viangalie visahani kabla hujavitoa: migongo yake iliyobinuka hutazamana, na kingo zake huachana kama midomo, ili uzi uingie. Nyuma yake ndipo ilipo springi iliyokatika, imekizunguka kijiti.

Ili kuifikia vizuri, legeza skrubu ndogo inayokishikilia kifaa chote kwenye bamba, ukivute kifaa nje polepole huku mkono wako mwingine ukiwa umekinga chini, kwa sababu katika mashine nyingi za aina hii kuna kipini kifupi kinachoteleza katikati ya kijiti, nacho huanguka bila kutoa sauti. Kipini hicho kikipotea, mguu ukiinuliwa visahani havitaachana, nawe utavuta nguo kwa nguvu kila unapoitoa, mpaka sindano ipinde. Kikianguka, usifagie, pitisha sumaku, hata ile ya spika mbovu ya redio, nayo itakiokota.

Toa vipande vya springi ya zamani vyote, pamoja na kile kidogo kilichobaki ndani, na uhesabu kama vinakamilisha waya mzima. Safisha kila kitu kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa, kisha ukipanguse mpaka kikauke, hasa katikati ya visahani, ambapo vumbi la pamba na nta ya uzi hugandamana na kuwa kama gundi. Springi mpya ina ncha mbili. Ile fupi na iliyonyooka huingia kwenye ufa wa kijiti. Ile ndefu yenye ndoana hutokea nje kupitia pengo la kifuko kinachoizunguka springi, ikaegemea kwenye kizuizi chake. Angalia springi imesokotwa upande gani, maana inapaswa kufanya kazi kwa kujikaza na si kwa kujifungua. Ukiitia kisha ukaisukuma ndoana kwa kidole, mizunguko yake inapaswa kubana zaidi juu ya kijiti. Ikiwa inapanuka, ama umepewa springi ya mashine nyingine, ama umeigeuza. Usiishike kwa koleo lenye meno, kwani jeraha la leo ndilo mahali itakapokatikia kesho.

Ukisharudisha kila kitu, kazi iliyobaki ni kuirekebisha, na hapa ndipo wengi hukimbilia kushona kabla ya wakati. Springi iliyo mahali pake lakini isiyorekebishwa hukuletea mafundo yale yale, ukadhani umedanganywa dukani. Mambo ya kurekebisha ni mawili, na ni tofauti. La kwanza ni nguvu ya springi: usoni mwa kijiti kuna ufa, unautia bisibisi nyembamba na kukizungusha kijiti, springi inakazika au inalegea. La pili ni urefu wa mwendo wake, yaani mahali inapokoma: hilo hupatikana kwa kulegeza ile skrubu ya kwenye bamba na kukigeuza kifaa chote kidogo, kisha kukaza tena.

Kipimo ni macho yako. Pitisha uzi wa rangi unaoonekana vizuri, weka kitambaa unachokishona kweli, teremsha mguu, na zungusha gurudumu la mkono kwa kulivuta kuelekea kwako, polepole kama mtu anayehesabu tasbihi. Sindano inaposhuka, itazame ndoana ya springi: inapaswa kuwa inaushika uzi umenyooka njia yote, na ikome kwenye kizuizi chake wakati ule ule tundu la sindano linapogusa kitambaa. Ikikoma mapema, uzi utalegea kabla ya wakati, nao ni ugonjwa ule ule wa springi iliyokatika. Ikichelewa, itakuwa inauvuta uzi ambao sindano tayari inauhitaji chini, na utaona mishono ikirukwa au uzi ukikatika.

Kutokana na hayo utaelewa pia kwa nini marekebisho ya kanzu si marekebisho ya suruali za jinzi. Kwenye kitambaa kinene sindano hukutana na nguo mapema zaidi, kwa hiyo mwendo wa springi uwe mfupi, na nguvu yake iongezwe, kwani uzi nao huwa mnene. Kwenye melimeli au kitambaa chepesi cha kanzu, mwendo uwe mrefu zaidi na nguvu iwe ndogo, la sivyo utaona kitambaa kinajikunyata kwenye mstari wa mshono. Kwa kanzu kumi na nne za namna moja, rekebisha mara moja, jaribu kwenye kipande kilichobaki, na usiiguse tena mpaka umalize. Hicho kitambaa cha majaribio kiwe ni kile kile cha kanzu, kikunjwe mara mbili, na si kitambaa chochote kilichookotwa chini ya meza.

SWALI: Bwana Fundi, mimi niko Malindi, ninashona mapazia na viti vya mashua. Nami springi hiyo imenikatikia, lakini badala ya kununua, jirani yangu alinisokotea nyingine kwa waya wa shaba, haikudumu hata siku moja. Mwingine ananiambia nitumie uzi wa gita, mwingine waya wa wavuvi. Nani ana haki?
Mshona mapazia, Malindi

JIBU: Jirani wa kwanza hana haki hata kidogo. Shaba laini hupinda na kubaki ilivyopinda. Haina tabia ya kurudi, na springi bila kurudi ni waya tu. Hao wawili wengine wana haki, kila mmoja kwa kiasi chake. Uzi mwembamba wa gita la nyuzi za chuma, ule usiozungushiwa waya mwingine juu yake, ni chuma kigumu cha jamii ile ile inayotengenezewa springi. Usiuchanganye na nyuzi za udi wala za gita la nailoni. Kasoro yake ni kwamba kwa hewa yetu hushika kutu upesi. Waya wa wavuvi, nikikuelewa, ni ule waya mmoja mgumu usioshika kutu ambao hufungwa juu ya ndoana ili nguru asiukate mshipi kwa meno. Huo mimi ningeuchagua kwanza, mradi uwe waya mmoja na si ule uliosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Unene wake uufananishe na wa springi ya zamani, kwa maana waya ukizidi unene hata kidogo, nguvu ya springi huongezeka sana kuliko unavyotarajia.

Usokote kwa baridi. Mtu akikuambia uuchome kwenye moto mpaka uwe mwekundu ili upinde kwa urahisi, mshukuru kisha usimsikilize, kwa sababu ukifika hapo ugumu wake umekwisha, umebaki na waya laini kama ule wa shaba. Uzungushe kwenye kijiti chembamba kidogo kuliko kile cha mashine, mathalani msumari, maana ukiuachia utajifungua kiasi. Hesabu mizunguko ya springi ya zamani na uifuate, pamoja na upande wa msokoto. Ndoana ipindwe kwa koleo lenye midomo laini, na kona yake iwe ya mviringo. Kisha pale uzi utakapopita pasugue kwa karatasi ya msasa laini kabisa na umalizie kwa kipande cha ngozi, kwa kuwa mkwaruzo usioonekana utaukata uzi wako kama msumeno. Na vaa miwani, au angalau funika kazi kwa kitambaa, kwa vile waya mgumu ukichomoka hukimbilia jicho. Hata hivyo, ichukue kuwa springi ya kukufikisha mpaka ile ya dukani ije. Viti vya mashua vinashonwa kwa uzi mnene na vitambaa vizito, na sijaona springi ya mkono iliyovumilia kazi hiyo kwa muda mrefu.

SWALI: Nimebadilisha springi kama ulivyonielekeza hapo awali. Inacheza vizuri, lakini sasa upande wa chini una vitanzi mstari mzima, si mwanzoni tu.
Msomaji, Shela

JIBU: Vitanzi vya mstari mzima havitoki kwenye springi, vinatoka kwenye visahani ambavyo haviubani uzi. Inua mguu, vuta uzi kwa mkono: unapaswa kuteleza bila kizuizi. Teremsha mguu, vuta tena: unapaswa kukataa, hata sindano iyumbe kidogo. Ikiwa mguu ukiwa chini uzi bado unateleza, angalia kwanza kama ulipitisha uzi mguu ukiwa umeteremshwa, kwa sababu hapo uzi hupanda juu ya visahani badala ya kuingia katikati. Kama sivyo, fungua nati uone iwapo umegeuza kisahani kimoja, mgongo wake ukatazama nje. Na ikiwa vyote viko sawa, basi ile washa yenye kijiti haikukaa ndani ya ufa wake, au kipini chenyewe kimekwama kwa kutu. Kitoe, kipanguse kwa mafuta ya taa, kikaushe, na ukirudishe mpaka kiteleze kwa uzito wake.